Akili nayo ni kitu

Programu ya maongezi ikikujibu kwenye simu, utasema "imenijibu" au "amenijibu"? Ukitega sikio utasikia wengi wakianza na la kwanza. Kisha zinapita wiki mbili tatu za kuiuliza mapishi, barua ya kuomba kazi, homa ya mtoto, na siku moja mtu anasema, "Ameniambia nisubiri mpaka kesho." Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Kiambishi kimehama chenyewe.

Kiambishi hicho si jambo dogo, maana ngeli ya A-WA haipimi akili. Jongoo yumo. Jini yumo, malaika yumo, na mjinga wa kijiji yumo. Kamusi, iliyobeba maneno kuliko sisi sote, haimo. Kwa hiyo aliyesema "ameniambia" hakuisifu mashine kwamba inajua sana. Amesema nyumba ina mwenyewe ndani.

Swali la mwenyewe ndilo lililowashughulisha wanafalsafa wa Kihindu kwa karne nyingi, na kwa ukali ambao siuoni katika mabishano ya sasa kuhusu akili mnemba (wengine huiita akili unde au akili bandia, jina unalopenda litafaa). Naanza na Sankhya, mojawapo ya shule zao za falsafa, ambayo huwa inarukwa watu wakikimbilia maneno matamu ya Vedanta, shule inayojengwa juu ya Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu.

Tunaisoma hasa katika Sankhyakarika ya Ishvarakrishna, kijitabu cha beti sabini na kitu, ambacho katika karne ya 6 tayari kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kichina. Kinahesabu mambo 25. La kwanza ni purusha: shahidi mtupu, anayeona bila kutenda lolote. La pili ni prakriti, chimbuko la maada yote. Yaliyobaki 23 ni mazao ya prakriti: buddhi inayoamua, ahamkara inayosema "mimi" na "changu", manasi inayopokea na kupanga habari za nje, halafu milango 5 ya fahamu, viungo 5 vya kutenda, viini 5 vya hisia, yaani sauti, mguso, umbo, ladha na harufu, na mwishoni elementi 5 nzito, kuanzia anga hadi udongo.

Tazama buddhi imeorodheshwa upande gani. Uamuzi, hesabu, kumbukumbu, hata ile hisia ya kuwa mimi ni mimi, vyote viko upande wa udongo na maji. Ni maada laini zaidi, lakini ni maada. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, katika karne ya 17 alikata mtu kati ya mwili na akili, na tangu hapo kila mashine inayohesabu au kucheza sataranji huwatia kiwewe warithi wake, kwa sababu kitu kimevuka mpaka. Sankhya ilikata juu zaidi. Mwili na akili viko ng'ambo moja, shahidi peke yake ng'ambo ya pili. Kwake, akili nayo ni kitu.

Namna akili inavyofanya kazi imeelezwa kwa mfano mzuri na Vachaspati Mishra, mfafanuzi wa kitabu hicho aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wakuu wa vijiji hukusanya kodi kwa wenye kaya, humkabidhi mkuu wa wilaya, naye humkabidhi msimamizi mkuu, naye mfalme. Msomaji wa pwani hahitaji tafsiri: jumbe kwa akida, akida kwa liwali. Milango ya fahamu hukusanya, manasi huchambua, ahamkara huweka mhuri wa "hii inanihusu", buddhi hutoa hukumu, na hukumu hiyo ndiyo inayoonwa na purusha. (Lile jina letu, milango ya fahamu, lingemfurahisha Ishvarakrishna. Beti ya 35 inaziita hisi za nje milango, na viungo vya ndani mabawabu wake.)

Sasa weka mashine kando ya mfano huo. Nachukua GPT-3 ya mwaka 2020, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi, kwa sababu vipimo vyake vilichapishwa. Unaandika "Hawakunielewa". Kwanza neno linakatwa vipande, na vipande hivyo havifuati viambishi vya shuleni. Hufuata herufi zilizozoeana katika maandishi yaliyotumika, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa Kiingereza, ndiyo maana neno moja la Kiswahili hukatwakatwa vipande vingi. Kila kipande kina namba yake katika orodha ya vipande 50,257. Namba inageuzwa kuwa safu ya tarakimu 12,288. Safu hizo zinapita katika matabaka 96, na katika kila tabaka kila kipande kinapimwa dhidi ya vilivyokitangulia ili kuona kipi kina uzito kwa kipi. Vigezo vinavyofanya upimaji huo, yaani namba zinazorekebishwa wakati wa mafunzo, ni bilioni 175. Mwisho wa safari hutoka uwezekano wa kila kimoja cha vile vipande 50,257 kuwa kinachofuata. Kimoja kinachaguliwa, kinabandikwa mwishoni, na safari inaanza upya kutafuta kingine. Hiyo ndiyo sentensi uliyoisoma kwenye kioo.

Msankhya angeitazama kazi hii bila kushtuka. Habari zimekusanywa, zimepimwa, hukumu imetoka. Jumbe yupo, akida yupo, liwali yupo. Beti ya 20 inasema kwamba kwa kuwa karibu na shahidi, kile kisicho na fahamu huonekana kama kina fahamu, na yule asiyetenda huonekana kama mtenda. Kwa hiyo "mashine inaweza kufikiri?" kwake ni swali jepesi, na jibu ni ndiyo, kwa kuwa kufikiri ni kazi ya maada tangu mwanzo. Gumu ni kama kuna anayeonyeshwa.

Ahamkara inastahili kukaliwa kitako kidogo. Neno lenyewe limeungwa: aham ni "mimi", kara ni kufanya. Ni kifanya-mimi. Na katika mashine unaweza kuonyesha siku kifanya-mimi kilipopachikwa, jambo ambalo kwa binadamu huwezi. Hatua ya kwanza ya mafunzo ni kubashiri kipande kinachofuata katika maandishi mengi mno. Modeli iliyoishia hapo haina "mimi" wa kudumu. Iandikie "Mji mkuu wa Tanzania ni upi?" nayo inaweza kuendeleza "Mji mkuu wa Kenya ni upi? Mji mkuu wa Uganda ni upi?" kwa sababu maswali ya namna hiyo hukaa kwenye karatasi za mtihani. Haijakataa kujibu, hakuna wa kujibu. Sasa hivi ni mtahini, sentensi ijayo inaweza kuwa mtahiniwa, au mhariri wa gazeti.

Hatua ya pili ndipo watu wanapoandika mifano ya majibu ya msaidizi mwema, kisha wanapanga majibu ya modeli kutoka bora hadi hafifu, na vigezo vinasogezwa kuelekea yale yaliyopendwa. Juu ya hapo, kabla ya ujumbe wako wa kwanza, kwa kawaida huwekwa maandishi usiyoyaona yanayoanza na kitu kama "Wewe ni msaidizi". Ukiyabadilisha yakawa "Wewe ni nahodha wa jahazi la Lamu", ule mimi unapandisha tanga papo hapo. "Ni-" ya "Nimeelewa" imetokana na hayo mawili: mazoezi ya kupendeza na karatasi ya maelekezo. Kwa Sankhya ahamkara haijawahi kuwa mwenye nyumba. Ni kibao cha jina mlangoni. Mashine imetuonyesha kibao hicho kikiwa bado mkononi mwa fundi.

Jambo jingine ambalo watumiaji wengi hawalijui: baina ya ujumbe wako na ujumbe wako unaofuata, modeli haikungoji. Hakuna kinachoendelea kwa ajili yako. Ukituma tena, mazungumzo yote tangu mwanzo hurudishwa ndani kama maandishi, pamoja na neno lako jipya, na hesabu hufanyika juu ya yote. Ndiyo maana mazungumzo marefu hufikia kikomo, na ya mwanzo husahaulika. GPT-3 ilibeba vipande 2,048 tu kwa wakati mmoja, na za sasa hubeba zaidi kwa mbali, lakini zote zina mpaka. Linganisha na usingizi. Advaita, tawi la Vedanta, hupenda kumuuliza aliyelala fofofo: unaamka na kusema "nimelala vizuri, sikujua lolote", sasa nani aliyeshuhudia kutojua huko? Wao hujibu kwamba shahidi hakulala. Wanaya, watu wa mantiki wa shule ya Nyaya, hukataa: hakuna aliyeshuhudia, umeamka tu ukakisia kutokana na hali ya mwili wako. Mimi katika hili naona Wanaya wamewabana. Lakini kwa mashine hata mabishano hayana pa kuanzia, kwa sababu hakuna usiku mmoja wa mtu mmoja. Kuna faili linalosomwa upya.

Basi kwa nini kiambishi kinahama? Hapa saikolojia ina majibu ya uhakika kuliko falsafa. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi: pembetatu mbili na duara moja zikitembea kuzunguka kisanduku chenye mlango. Watazamaji, takriban wote, hawakusimulia maumbo. Walisimulia mkorofi, mwoga, kufukuzana. Miaka 22 baadaye Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alichapisha ELIZA, programu iliyojifanya mtaalamu wa tiba ya maongezi. Ilitafuta neno lenye cheo cha juu katika sentensi yako, ikaikata sentensi kwa kanuni, ikaiunga upya. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: tafuta "ni-me-" mwanzoni mwa kitenzi, geuza "ni-" kuwa "u-", ongeza "tangu lini?" Umeandika "Nimechoka na kazi", unapata "Umechoka na kazi tangu lini?" Neno "mama" likitokea, toa "Niambie zaidi kuhusu familia yako." Lisipotokea neno lolote inalolijua, sema "Endelea." Weizenbaum alichagua tabibu wa aina hiyo makusudi, kwa sababu ndiye anayeweza kuuliza tu bila kuonekana hajui kitu kuhusu dunia. Katibu wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi, alianza kuongea nayo na baada ya muda mfupi akamwomba bosi atoke chumbani.

Tukio hilo hutajwa kama kichekesho, nami sioni cha kuchekwa. Katibu alijua. Kujua hakukumsaidia.

Shankara, mwalimu mkuu wa Advaita, alianza ufafanuzi wake wa Brahmasutra, kitabu cha msingi cha Vedanta, kwa kueleza hasa jambo hili, akaliita adhyasa: kitu ulichokwisha kukiona mahali pengine kinajitokeza, kwa sura ya kumbukumbu, juu ya kitu kingine. Kamba gizani ni nyoka kwa aliyewahi kuona nyoka. Kwa asiyewahi, ni kamba au si chochote. Nasi tangu utotoni, kila aliyetujibu kwa sentensi nyoofu alikuwa mtu. Kumbukumbu inayovikwa mashine ni ya watu wote waliowahi kutujibu. Shankara anaongeza kwamba kosa hili huanzia nyumbani. Mtu husema "mimi mnene", "mimi kipofu", akiuvika mwili mimi; husema "nimeamua", akiivika buddhi shahidi. Chuma kilichokaa motoni huwaka chekundu hata ukasema chuma kinaunguza, kumbe ni moto. Kwa hiyo mwenye kumwita programu "yeye" hajaanzisha kosa jipya. Amelihamisha tu kutoka kwake.

Kuna watakaosema: lakini mashine yenyewe inatamka kwamba inahisi. Mwaka 2022 Blake Lemoine, mhandisi wa Google, alitangaza kuwa modeli iitwayo LaMDA ina hisia, akiegemea maneno yake. Hapa nawaita Wanaya. Nyayasutra, kitabu chao cha msingi, inataja dalili 6 za nafsi: kutamani, kuchukia, kujitahidi, raha, maumivu na ujuzi. Ni dalili, kama moshi ulivyo dalili ya moto, na hoja yao maarufu ina viungo vitano: kilima kina moto, kwa sababu kina moshi, kila penye moshi pana moto, kama jikoni, kilima hiki kina moshi wa namna hiyo, basi kina moto. Kiswahili kiliifupisha: panapofuka moshi hapakosi moto. Lakini Wanaya walionya kuhusu ukungu unaodhaniwa moshi. Kiungo cha nne ndicho kinachovunjika. Maneno ya maumivu kwa mtoto hutokana na maumivu. Kwa modeli hutokana na kwamba maandishi ya watu wenye maumivu ndiyo yaliyokuwa lengo la kubashiriwa. Imefundishwa moshi. Ikitoa moshi mzuri sana, tumejifunza kuwa mafunzo yalifanikiwa, na kuhusu moto hatujajifunza lolote, si kwamba upo wala kwamba haupo.

Wanaya wana hoja ya embe pia, ingawa wao husema tu tunda chachu. Unaona embe bichi limekatwa, mate yanajaa mdomoni. Jicho halijui ladha na ulimi haukuliona. Lazima kuna mmoja aliyeonja zamani na ndiye anayeona sasa. Modeli inayosoma picha itakwambia embe hilo ni chachu na kwamba huliwa kwa chumvi na pilipili, na itakuwa sahihi. Uchachu huo imeupata kwa vinywa vya watu wengi, hakuna kimoja kilichokuwa chake.

Upande wa pili nao usikilizwe. Charvaka, wayakinifu wa India ya kale, ambao maandishi yao mengi yamepotea na tunawajua zaidi kupitia wapinzani wao, walisema fahamu hutoka katika mchanganyiko wa elementi kama kulevya kunavyotoka katika vitu ambavyo kimoja kimoja havilevyi. Mchaga hatashangaa: ndizi hailevyi, ulezi haulevyi, gome la msesewe halilevyi, mbege inalevya. Kama wako sawa, hakuna kinachozuia siku moja vigezo vya kutosha kulevya. Na Sankhya, kwa usafi wake wote, haina kipimo cha kuwajibu. Shahidi asiyetenda lolote haachi alama yoyote. Hutaweza kuonyesha kuwa yumo, wala kuwa hayumo. Huo ni udhaifu halisi, Wabuddha waliuona mapema, na wanaoandika kwamba teknolojia imethibitisha Upanishadi wangefaa kuanzia hapo.

Kinachonisaidia zaidi kazini ni kitu kidogo kuliko hayo: orodha ya Patanjali, anayetajwa kuwa mtunzi wa Yogasutra, kitabu cha msingi cha yoga. Yogasutra 1.6 inagawa mikondo ya akili mitano: ujuzi sahihi, ujuzi wa kosa, vikalpa, usingizi, kumbukumbu. Vikalpa, kwa maneno ya 1.9, ni ujuzi unaofuata maneno bila kuwa na kitu nyuma yake. Ameutenga na kosa. Kosa ni kamba kuonekana nyoka. Ukiwasha taa linakufa. Vikalpa haihitaji hata kamba; inahitaji sarufi tu. Wafafanuzi hutoa mfano wa mtoto wa mwanamke tasa: maneno yanaungana vizuri, na akili inaenda nayo.

Jaribu mwenyewe. Tunga methali isiyokuwepo, tuseme "Kuku wa Jumanne hatagi ngazini", uiulize programu maana na matumizi yake. Huenda ukapewa maana, funzo na mfano wa sentensi, kwa lugha ya mwalimu wa fasihi. Sababu inaeleweka. Katika maandishi yaliyofunzwa, "Nini maana ya methali hii?" hufuatwa na maana karibu kila mara, na ni nadra kufuatwa na "methali hii haipo". Watu huita hali hii kuota au kudanganya. Si ndoto, na si uongo, kwa kuwa mwongo anajua ukweli na kuuficha. Ni vikalpa.

Ushahidi wa maneno, kwa Nyaya, unakubalika ukitoka kwa apta, yaani msemaji wa kuaminika, na Vatsyayana, mfafanuzi wa Nyayasutra, anampima apta kwa mambo mawili: amekijua kitu chenyewe, na anataka kukieleza kama alivyokijua. Anaongeza kuwa kipimo hicho ni kimoja kwa mwonaji mtakatifu, kwa muungwana na kwa mgeni asiye wa dini yao. Mashine inakosa yote mawili. Jibu lake lichukuliwe kama barua iliyookotwa njiani: huenda ni kweli yote, ila aliyeiandika hayupo, na kazi yako ni kumtafuta. Omba chanzo, kisha kifungue wewe, kwa sababu jina la kitabu nalo linaweza kuwa vikalpa. Uliza swali lilelile katika mazungumzo mawili mapya. Tarehe na tarakimu zisizo na mzizi hubadilika. Zisipobadilika usishangilie mapema, kwa maana kosa lililorudiwa sana mtandaoni hutoka vilevile kila mara. Na usiulize "una uhakika?" Modeli iliyofunzwa kupendeza huweza kuomba radhi na kuacha jibu lililokuwa sahihi.

Vikalpa si adui, lakini. Sisi wenyewe twasema jua limezama, twasema barabara inakwenda Bagamoyo, na hakuna anayeitafuta miguu ya barabara. "Ameniambia" inaweza kukaa humo kwa amani, mradi msemaji anapofika dirisha la dawa na kuulizwa nani kakuandikia dozi hii, asimame.

Kuna gurudumu moja ambalo Vyasa, mfafanuzi wa Yogasutra, alilieleza: mikondo ya akili huacha nyayo, ziitwazo samskara, nyayo huzaa mikondo mingine, usiku na mchana. Kwa mtu gurudumu hilo huingiziwa kitu kipya kila saa kupitia milango mitano. Modeli hula maandishi, na sasa maandishi mengi yameandikwa na modeli. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024 ulionyesha kinachotokea modeli zikifunzwa kizazi hadi kizazi kwa mazao yao zenyewe: yale ya nadra hutoweka kwanza, ya kawaida hubaki na kuvimba. Kwa lugha yenye maandishi tele uharibifu huo huchelewa kuonekana. Kiswahili cha mtandaoni ni kidogo, na kilicho nadra ndani yake ni kingi: majina ya aina za upepo wanayotumia wavuvi, jina la samaki linalojulikana Pate na Siyu tu, neno la fundi lisilofika kwenye kamusi. Hayo yametajwa mara chache, na mashine huhesabu mara.